Taslim Tisini na Sita

Nilianza kazi ya unakili wa noti siku ya Jumatatu, tarehe saba Septemba, saa mbili kamili asubuhi, tukiwa ndani ya mfungo wa Ramadhani. Nilikuwa na umri wa miaka arubaini na minne. Naitaja siku hiyo kwa ukamilifu wake kwa sababu wanafunzi wa leo, ambao noti zao hutoka kwenye mashine zikiwa kavu na safi, huniuliza kama ni kweli kwamba kulikuwa na mtu aliyelipwa mshahara kwa kuziandika kwa mkono. Ni kweli. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Chuo chetu cha muziki kilikuwa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe ya mawe, katika uchochoro wa Mji Mkongwe uliokuwa mwembamba hata fidla kubwa, ile ipigwayo kwa kusimama, tulilazimika kuipandisha kwa kamba kupitia dirishani. Mkuu wa Chuo alinipokea mlangoni, akanionyesha meza, wino, rula na wembe, kisha akaniambia maneno ambayo sikuyaelewa mpaka nilipoyavunja.

"Bi Rukia, hapa mnakili haandiki anachokijua. Anaandika anachokiona."

"Naam, Mwalimu," nikajibu.

Niliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Mwisho wa muda huo ningepata barua ya kuthibitishwa, au ningepewa mkono wa kwaheri. Barua ile niliitaka kuliko nilivyopata kutaka kitu chochote. Shule niliiacha darasa la nne. Nilirudi kusoma madarasa ya jioni nikiwa na miaka thelathini na minne, na cheti cha kidato cha nne nikakipata nikiwa na thelathini na tisa, kisha nikajifunza kusoma na kuandika noti. Hata hivyo, mjini ilisemwa kwamba kazi nilitafutiwa na mume wangu, Bwana Salim, aliyekuwa fidla ya kwanza katika okestra ya chuo. Hakunitafutia. Nilifanya mtihani kama wenzangu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Utungo wa okestra huandikwa katika kitabu kikubwa, kila ala na mistari yake, zote zikipangwa juu na chini katika ukurasa mmoja. Mpigaji hawezi kusomea kitabu hicho; anahitaji karatasi ya ala yake peke yake. Mnakili huichambua ala moja moja kutoka kitabuni na kuiandikia karatasi yake. Akikosea hafuti kwa raba, kwani wino haufutiki. Huparua kwa ncha ya wembe, kisha hulainisha mahali pale kwa ukucha ili wino mpya usisambae. Karatasi zikishapita mazoezi ya kwanza bila kasoro, mnakili hutia jina lake chini ya ukurasa wa mwisho. Kabla ya hapo hatii.

Miezi mitano ya mwanzo nilinakili bashraf. Bashraf ni utungo wa ala tupu unaofungulia taarab kabla mwimbaji hajasimama. Kwa kawaida huwa na sehemu nne, ambazo huitwa khana, na baada ya kila khana okestra hurudia kipande kile kile, kiitwacho taslim. Khana huenda mbali itakavyo. Taslim humrudisha kila mtu pale pale. Kwa desturi yetu, taslim huandikwa mara moja tu, baada ya khana ya kwanza. Baada ya khana nyingine mnakili mvivu haandiki kitu, kwa kuwa wapigaji wanajua. Mimi sikuwa mvivu. Niliandika neno "taslim" kila mahali palipostahiki, pamoja na alama ya kurudi.

Mapema Februari, Mkuu wa Chuo alimwalika kiongozi wa okestra kutoka ng'ambo aje kutufundisha simfonia moja yenye sehemu nne. Mgeni alifika, sanduku lake la karatasi za wapigaji halikufika. Alichokuwa nacho ni kitabu kikubwa tu, mkobani mwake. Kisiwa kizima hakikuwa na umeme miezi ile, na mashine ya kurudufia ilikuwa imefunikwa kitambaa. Alhamisi, tarehe nne, kitabu kiliwekwa juu ya meza yangu. Wapigaji walikuwa ishirini na wanne, na mazoezi ya kwanza yalikuwa Jumamosi ya tarehe kumi na tatu.

Niliandika siku tisa mfululizo, mchana, karibu na dirisha. Nilipofika mwisho wa sehemu ya kwanza nilishangaa kuona hapana taslim. Nikatazama ya pili, hapana. Ya tatu na ya nne, hapana. Niliwaza kwamba mnakili wao, kama wengine wa kwetu, alikuwa mvivu. Nikatafuta, na katika sehemu ya kwanza nikaona kipande kifupi kizuri ambacho fidla zote hukipiga pamoja. Nikasema, taslim ndiyo hii. Nikaitia alama, na mwisho wa kila sehemu nikaandika neno lake kwa hati nzuri. Sehemu nne kwa karatasi ishirini na nne: taslim tisini na sita. Nilijiona nimewasaidia watu wa ng'ambo.

Siku ya mazoezi nilikaa nyuma, na kalamu mkononi, tayari kutia jina. Kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, mgeni alianza na sehemu ya pili, ambayo huenda polepole. Ilipigwa vizuri hadi mwisho. Akateremsha kijiti chake, akatoa leso ajifute uso. Okestra haikunyamaza. Watu wote ishirini na wanne waliingia katika kipande cha sehemu ya kwanza kwa furaha na nguvu, na mzee wetu wa kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ilazwayo mapajani, akaanza kukipamba kwa vidole kama yuko arusini.

Mgeni alisimama na leso yake. Akamwuliza Mkuu wa Chuo jambo, naye akatufasiria: "Anauliza, mnakwenda wapi?"

"Twarudi," akasema mzee wa kanuni, bila kuondoa vidole kwenye nyuzi. "Mwambie na yeye arudi. Kasahau taslim, masikini. Safari ndefu."

"Simfonia haina taslim, mzee wangu."

"Haina? Nami nnaiona hapa, tena imeandikwa kwa hati nzuri! Basi huyu mgeni kaja na bashraf mbovu."

Watu wakacheka. Bwana Salim hakucheka. Aliitazama karatasi yake kwa muda, kisha akaipindua juu chini magotini. Mkuu wa Chuo alinitazama mimi.

"Bi Rukia, saa nne ofisini kwangu."

Nilipokuwa nikipanda ngazi, mume wangu alinikuta katikati, akanizuia kwa upinde wa fidla.

"Mama Nasra, simama kidogo. Niache niingie mwanzo."

"Uingie kusema nini?"

"Ntasema mimi ndiye niliyekwambia utie taslim. Mimi mtu wa siku nyingi hapa. Watanicheka siku mbili, yatakwisha. Wewe una barua yako."

"Na hiyo barua itakuwa ya nani, Baba Nasra? Ukilichukua kosa, na kazi umeichukua."

"Una kiburi wewe mwanamke!"

"Ulinioa nacho. Hebu nipishe."

Akanipisha.

Mkuu wa Chuo hakunikaribisha kiti. "Nani alikuagiza?"

"Hapana aliyeniagiza, Mwalimu. Niliona pengo, nikalijaza."

"Kitabu kilikuwa na pengo?"

"Kwa mtu aliyezoea bashraf, kilikuwa nalo."

Alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanzu. "Ungenambia ulichoka, ningekutoa leo hii. Kosa lako ni la mtu anayejua. Ubaya ni kwamba unajua kitu kimoja. Keti."

Akanieleza. Sehemu za simfonia, alisema, ni tungo nne zilizokubaliana kwenda pamoja: ya kwanza huwa na haraka na mabishano, ya pili hutulia, ya tatu hukaribia kucheza, ya nne hufunga. Zinashikamana kwa mpangilio wake tu. Ikiisha moja, watu hunyamaza kidogo, na kile kimya ni sehemu ya kazi.

"Na nani anayewakumbusha walikoanzia?" nikauliza.

"Hapana. Msikilizaji abebe mwenyewe." Akavaa miwani yake. "Nnataka karatasi zote safi Jumatano asubuhi. Barua yako itategemea karatasi hizo."

Nilikusanya karatasi, nikaparua taslim moja baada ya nyingine, nikalainisha kwa ukucha mpaka ukucha wa kidole gumba ukapasuka. Kila karatasi niliielekeza juani nikaikagua. Karatasi ya Bwana Salim haikuwemo. Nilipomdai alisema, "Yangu nshaiparua mwenyewe. Hangaika na za wenzako." Ndiyo karatasi pekee ambayo katika miaka kumi na sita niliipitisha bila kuikagua. Jumatano nilikabidhi ishirini na tatu, nazo mazoezi yalipopita salama nilizitia jina.

Onyesho lilikuwa Jumamosi ya tarehe ishirini. Sehemu ya kwanza ilipomalizika, bibi mmoja wa mstari wa mbele alipiga vigelegele, akaenda kumtafuta mwimbaji wa kumtunza kikuba cha asumini. Hakumwona mwimbaji, basi akampachika mgeni kwenye koti. Kisha kikaja kile kimya. Vidole vya mzee wa kanuni vilikuwa juu ya nyuzi, vikitetemeka kwa hamu ya kurudi. Hakurudi. Hakuna aliyerudi. Barua yangu ya kuthibitishwa niliipokea Jumatatu, tarehe mosi Machi.

Baada ya miaka minne nilipelekwa Makunduchi kwa miezi minane, chini ya Afisa wa Kumbukumbu, kuandika nyimbo za wanawake wanaolima mwani. Afisa alitaka kila wimbo uwe na mwanzo na mwisho vinavyoonekana. Nikamwuliza kiongozi wao wimbo unaishia wapi. Akanijibu, "Maji yakijaa." Afisa alinung'unika, lakini niliandika nilichokiona: nikachora mistari, na mahali pa mwisho nikaandika "maji yakijaa." Niliporudi mjini nilifanywa Mtunza Maktaba ya Noti, cheo nilichokaa nacho mpaka mwisho.

Bwana Salim alifariki Jumanne, tarehe kumi na nne Mei, mfungo wa nane wa Ramadhani. Nilikaa eda yangu miezi minne na siku kumi. Nilipotoka, nilifungua kasha la fidla yake ili niikabidhi chuoni, kama alivyousia. Chini ya kitambaa cha ndani palikuwa na karatasi yake ya simfonia. Taslim zote nne zilikuwepo, hazijaguswa na wembe. Mazoezi yote na onyesho lile aliyapiga akiwa na kosa langu mbele ya macho yake, na asirudi hata mara moja.

Pale ngazini nilimkatalia kulichukua kosa langu. Akachukua nakala moja.

Karatasi hiyo nilikaa nayo nyumbani miaka sita, kinyume na kanuni za maktaba ambazo mimi mwenyewe niliziandika. Nilistaafu Ijumaa, tarehe ishirini na tisa Agosti. Mrithi wangu, binti aliyesomea kazi hii kwenye kompyuta, alikuwa akihesabu mafaili ya simfonia ile.

"Bi Rukia, wapigaji ishirini na wanne, karatasi ishirini na tatu. Moja imepotea?"

"Haikupotea. Ilikuwa imeazimwa."

Nikaitoa mkobani. Aliisoma, akacheka. "Hii ina makosa, bibi. Niichapishe upya?"

"Usiiguse. Nipe kalamu."

Nimeulizwa na wengi maisha ya kazi yanafanana na nini, na wote hutaka niwaambie yanafanana na bashraf, kwamba mtu hurudi. Sikuona hivyo. Kazi yangu ilikwenda sehemu kwa sehemu, na ile iliyokwisha haikupigwa tena. Lakini mtu mmoja aliniwekea alama za kurudi, na nilikuwa nazo mkononi. Nikaandika ukingoni: "Kosa la mnakili, halikusahihishwa." Kisha, chini ya ukurasa wa mwisho, nikatia jina langu kamili na tarehe.