Kodi ya Tawi la Kakuma

Nilikuwa karani wa wakili mmoja mjini Lodwar, mtu wa sauti nzuri na viatu visivyojua vumbi. Alipohamia jengo jipya alinunua kiyoyozi, viti vya ngozi na mashine ya kahawa ambayo hakuna aliyejua kuiendesha, yeye mwenyewe akiwemo. Kisha akafungua tawi Kakuma: chumba kimoja, bango kubwa na kufuli. Bango lilifanya kazi kila siku. Kufuli pia.

Vyote hivyo vilihitaji kulipiwa, na wakili hakuwa na mazoea ya kujilipia. Kwenye bili ya kila mteja niliandika gharama za ofisi, kwa Kiingereza, ili zionekane kama jambo la sheria. Mtu wa Kataboi aliyekuja na kesi ya mbuzi aliondoka amechangia kahawa asiyoinywa.

Aliyetuvuruga ni mama mmoja muuza makaa wa Kakuma. Lori lilimgonga binti yake kwenye barabara ya Lokichoggio, mguu ukavunjika na kuungana vibaya. Daktari wa Eldoret alisema upasuaji ungeunyoosha, pesa zikipatikana. Kesi tulishinda, bima ikalipa, pesa zikaingia kwa wakili. Mama akaja Lodwar kuchukua chake. Baada ya ada na gharama za ofisi, kilichobaki hakikutosha upasuaji.

Wakili alimsomea bili kwa upole wa padri. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Hii kodi ya Kakuma ni ya nini?"

"Ni ya tawi letu, mama. Liko karibu nawe, kwa faida yako."

"Mimi nakaa hapo Kakuma. Hiyo mlango sijaona imefunguliwa hata siku moja. Ndiyo maana nakuja na basi mpaka hapa."

"Gharama ni gharama, mama."

"Sawa. Kama ni mimi nalipa kodi, leta funguo."

Wakili alicheka. Mama hakucheka; aliondoka bila kutia sahihi.

Wiki hiyo simu zikaanza kuingia kutoka Kakuma. Mama alikuwa amehamishia biashara kwenye baraza ya tawi letu. Magunia ya makaa yalipangwa chini ya jina la wakili, na binti aliketi kizingitini na mguu wake uliopinda. Kila mnunuzi aliuziwa makaa na kusimuliwa bili. Magari ya mashirika ya misaada yalipunguza mwendo ili kusoma bango. Vijana walipita wakimsalimu mama kwa Kiturkana, "Ejok, wakili," naye akaitikia. Nilifurahi mno, kwa sababu tawi lile halikuwahi kuhudumia watu wengi kiasi hicho.

Wakili akanichukua twende tukamfukuze. Tulimwita mwenye nyumba. Yule mzee akasema, mbele ya wanunuzi wote, kwamba tangu bango lipande hajaona kodi yoyote, na mpangaji pekee anayemjua ni huyu wa makaa, ambaye amemlipa.

Nilitazama chini nisije nikacheka. Bili iliandikwa upya palepale juu ya gunia, bila kodi, bila kiyoyozi, bila kahawa. Binti alipasuliwa Eldoret, na leo anatembea sawasawa.

Mwezi uliofuata wakili aliniita akasema ni lazima sasa tupunguze gharama za ofisi, na kwamba ataanza na mimi. Nilimchukia, na bado namchukia. Barua ya kuniachisha kazi niliichapa mwenyewe, maana hakukuwa na mwingine aliyejua kuchapa.