Jina la McPhaul Likiitwa, Anasimama Mtu Mmoja

Jua halijapanda sawasawa, na Effie McPhaul yuko tayari kwenye chumba cha chini cha kanisa, pasi mkononi, anapambana na kitambaa cha ukoo wa Blue. "Hawa akina Blue! Utadhani kimelaliwa na mbwa," anang'aka.

Effie, 74, ni fundi cherehani katika mji huu mdogo wa Carolina ya Kaskazini. Kila mwaka, kabla ya ibada ya kubariki vitambaa vya miraba vya koo zenye asili ya Uskoti, kila ukoo na chake, yeye ndiye hushona pindo zilizofumuka na kuvinyoosha vyote. Hapati senti, na hataki.

Leo ndiyo Jumapili yenyewe. Jina la ukoo likiitwa, wenye jina husimama, na mmoja wao hupeleka kitambaa madhabahuni. Asiye na jina hilo haruhusiwi kukipeleka. Ukoo ukikosa wa kusimama, kitambaa chake huingia sandukuni na jina haliitwi tena.

Akina McPhaul wa kanisa hili wamebaki wawili: Effie na Daniel, mtoto wa kaka yake, aliye Texas. Aliahidi kuja. Saa tatu simu inalia.

"Shangazi, kazi imenibana."

"Imekubana hata Jumapili?"

"Mwakani, shangazi. Haki ya Mungu."

"Haya, baba."

Anakata simu, anakaa. "Mwakani, mwakani! Mwakani nitakuwa na magoti gani mimi?"

Jirani yake, Hattie Blue, anachungulia mlangoni. "Njoo usimame na sisi, we bibi mkaidi! Tumejaa benchi tatu."

"Nisimame na Blue? Afadhali nivae gunia."

Wanacheka. Hattie akiondoka, Effie analia, wala hajifichi. "Kulala peke yangu nimezoea," anamwambia mwandishi wa gazeti hili. "Ila jina letu liitwe mbele ya kanisa zima, halafu aitike mtu mmoja, jamani, hiyo inaniuma."

Zumari zinalia. "McPhaul!" Effie anasimama. Anakwenda polepole, mkono mmoja ukishika benchi moja baada ya nyingine, kitambaa begani. Anakilaza madhabahuni, anarudi, anakaa.

Baada ya ibada anaulizwa ana mpango gani.

"Gazeti lenu linafika mbali?"

"Linafika."

"Basi andika hivi: yeyote aitwaye McPhaul, awe wa rangi yoyote, mzee au mtoto, mwakani aje. Hata kama hanijui. Kitanda kipo, kuku nitakaanga. Asimame tu na mimi."