Msimu Umekwisha, Taya Bado Linatafuna

Mwanangu, kuna siku moja ninayoikumbuka kwa taya kuliko kwa kichwa. Ulikuwa mwezi wa pili, mvua imeshika Umatengo yote, kahawa ingali kijani mtini. Nilikuwa jikoni kwangu naota moto, mke wangu Tekla anachambua maharage. Aliniangalia kwa muda, halafu akauliza:

"Baba Gaude, unatafuna nini?"

"Sitafuni kitu."

"Mbona taya linacheza tangu tumekaa hapa?"

"Ni kazi ya kung'ata kahawa hiyo. Wewe hujui kazi za watu."

"Kahawa ya mwezi wa pili? Msimu umekwisha tangu mwaka jana, mume wangu."

Nikamwambia achambue maharage yake. Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa maishani, nikalijibu hivyo.

Ngoja kwanza nikwambie mimi ni nani, usije ukadhani unashauriwa na mtu aliyeshindwa maisha. Elimu yangu ni ya darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Sikurithi hata jembe. Lakini soko la kahawa lilipofunguliwa, ushirika ukawa hauko tena peke yake na wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kuingia vijijini, wasomi wa hapa Mbinga walikaa vibarazani wakibishana kama ni jambo jema au baya. Mimi sikubishana. Nilipanda baiskeli. Miaka minne baadaye nilikuwa na lori langu mwenyewe na nyumba ya bati la rangi, ya kwanza kijijini kwetu. Watu walikuja kuugusa ukuta wake. Sisemi ili unisifu, nasema kwa kuwa ni kweli, na wanaokumbuka bado wapo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkulima anakuletea kahawa yake ya maganda, anakuapia kwamba imekauka. Hatukuwa na vipimo vya unyevu vya kuwasha kama mlivyo navyo nyinyi leo. Kipimo kilikuwa jino. Unachukua punje, unaing'ata. Iliyokauka inagoma, iliyo mbichi inaacha alama ya jino, na ukiinunua hiyo inakuotea ukungu ndani ya gunia. Kwa siku moja niling'ata punje hata mia mbili, na sikudanganywa mara mbili na mtu mmoja. Ndiyo maana taya liliponiuma sikushtuka. Nilijua ni kahawa.

Na zilikuwepo mbio. Wanunuzi tulikuwa wengi, vijiji vyenye kahawa nzuri viko juu kwenye makorongo, barabara ni moja. Mwenzako akikutangulia, umekwenda bure. Kwa hiyo niliishi kwa masikio. Nikisikia gari linanguruma upande wa pili wa mlima, nilikuwa nimeshasimama kabla sijajua nimesimama. Nilikula nimeegemea bodi ya lori. Wakulima walinitania, "Huyu bwana hata akienda haja ndogo, mguu mmoja uko garini." Tulicheka wote. Katibu wa kijiji alinitolea mfano mkutanoni, akawaambia vijana, "Mtazameni mwenzenu, halali usingizi." Nikajiona nimevishwa nishani.

Leo maneno yale yananikera, mwanangu. Watu wazima zaidi ya mia moja wamekaa kwenye nyasi wanampigia makofi mtu kwa sababu halali usingizi! Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini.

Maana dalili zilikuwepo, na kila moja nilikuwa nimeshaipatia kisingizio chake. Mabega yakiuma, nilisema ni magunia, wakati magunia yalibebwa na wapakiaji. Tumbo likinikata kila asubuhi, nilisema ni maji ya vijijini. Mikono ilikuwa baridi hata juani, nikalaumu milima yetu. Pumzi ilikuwa inaishia hapa juu ya kifua, haishuki, na mimi nimezaliwa huku huku mlimani. Nilichoka mpaka mifupa, lakini nikilala naamka kama mtu aliyeitwa jina. Chakula kikawa hakina ladha. Mtu akiongea polepole natamani kumnyang'anya maneno mdomoni. Msimu ulipokwisha nikangoja vyote hivyo vikwishe pamoja nao. Havikuisha. Hapo ndipo Tekla aliponiuliza ninatafuna nini.

Pasaka ya mwaka huo tulishuka ziwani kwa wakwe zangu, upande wa Liuli. Wao ni Waanglikana, mimi Mkatoliki, lakini kwenye samaki hatukuwahi kugombana. Mama mkwe alikuwa mhudumu wa wodi kwenye hospitali ya misheni hadi alipostaafu, mama mfupi, sauti kubwa. Unajua heshima ya mkwe. Hatukula pamoja, hatukutazamana usoni, na hakulitamka jina langu. Yeye alikaa uani anaanika usipa, dagaa wa ziwani, mimi nimewekwa barazani mbele na kiti kizuri. Katikati yetu ukuta wa matete. Akiwa na neno kwangu, alimwambia binti yake kwa sauti ambayo hata mitumbwi iliisikia.

"Tekla! Mgeni wako ana homa?"

"Hana, mama. Ndivyo alivyo."

"Mbona mabega yako masikioni kama mtu anayenyeshewa? Jua hili lote! Tangu jana hajaegemea kile kiti hata mara moja. Mwulize anamsubiri nani."

Nikasikia watoto wanacheka. Damu ikanipanda. Nami nikajibu kwa mlango ule ule.

"Tekla, mwambie mama mimi siumwi. Mimi ni mtu wa kazi. Wanaume wa huku wangekuwa na mabega kama yangu, nao wangekuwa na malori."

Mwanangu, baba mkwe wangu alikuwa mvuvi, na alikuwa amekaa pale pale anashona wavu. Hakuinua kichwa. Nilitukana nyumba iliyonipa mke, na nilijua nimetukana, nikaona fahari.

Mama mkwe akasema, safari hii kwa sauti ya chini. "Wodini nimefua sana mashuka ya watu wa namna hiyo. Ukiwauliza wanaumwa wapi, hawana pa kuonyesha. Mwambie apumzike kabla hajamwumiza mtu."

Hajamaliza, jirani akawasha mashine ya kusaga unga. Mashine tu, nyumba ya tatu kutoka pale. Mimi nilikuwa nimeshasimama wima, sahani ya ugali na samaki mbasa imepinduka miguuni, moyo unapiga kama nimepanda mlima mbio. Nilikuwa nimesikia lori la mwenzangu. Mwezi wa nne, Liuli, hakuna hata mti mmoja wa kahawa!

Watoto walicheka tena. Mama mkwe hakucheka. "Hilo ndilo ninalolisema," akasema.

Kesho yake alfajiri nikawapakia watu wangu garini tukapanda mlima. Sikuaga vizuri.

Sasa nikwambie lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo.

Haikupita hata wiki mbili. Alasiri, nimesimama dirishani kwangu nikisikiliza gari. Gari gani? Sijui. Nilikuwa nasikiliza tu. Binti yangu Gaudensia alikuwa na miaka sita, alikuwa amejifunza mchezo mpya kwa wenzake kule ziwani. Akapanda juu ya stuli nyuma yangu, polepole, pekupeku. Akanifunika macho kwa viganja vyake viwili. Akasema, "Mimi nani?"

Sikujua ni nani. Mwili wangu haukungoja kujua. Mkono ulizunguka kwa nguvu zote za mtu anayepigania roho yake, ukampata sikioni. Alipoanguka hakulia. Ndilo lililonitisha. Alikaa chini ananitazama, damu kidogo inatoka sikio la kushoto, mdomo wazi. Halafu akasema, "Ni mimi, baba." Kama vile kosa lilikuwa kwamba sikuelezwa mapema.

Hospitalini tabibu alimwangalia, akaniambia ngozi ya ndani ya sikio imepasuka. Alipomaliza naye akanigeukia.

"Na wewe kaa hapo."

"Mimi siumwi."

"Fungua mdomo."

Akatazama meno yangu. Yalikuwa yamelika, yamekuwa bapa kama ya ng'ombe mzee. Nikaanza hadithi ya kahawa. Akanyanyua kiganja. "Kahawa inang'atwa na jino la mbele, bwana. Wewe umemaliza magego."

Basi, hiyo ndiyo elimu yangu ya darasa la tano. Tabibu yule, kijana kuliko mimi, mgeni kutoka mkoa mwingine, alinieleza kwamba mwili una mlinzi wake ndani ya mishipa ya fahamu. Ukikutana na chui anaamka, anakaza misuli, anapeleka damu miguuni, anasimamisha hata tumbo lisisage chakula. Ni kazi nzuri. Chui akiondoka, mlinzi anatakiwa alale. "Wa kwako umemwamsha kila siku miaka minne," akasema, "sasa hajui tena kulala. Chui hayupo, yeye anapiga." Aliniuliza kama mimi ni mkali kwa mtoto siku zote. Nikasema sijawahi kumchapa hata fimbo moja. Na ilikuwa kweli. Akasema, "Najua. Ndiyo maana nakueleza."

Sikupona kwa wiki moja wala mbili. Niliachia vijiji vya mbali, wenzangu wakavichukua, na waliokuwa wakinipigia makofi wakasema nimeishiwa. Nilirudi shambani kulima ngolo na kaka yangu, yale mashimo yetu ya mteremkoni ambayo ukiyalima kwa pupa mvua inayabomoa. Nilifundishwa kutoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Nilijiona mjinga, mtu mzima kufundishwa kupumua. Baada ya mwaka wa pili tulishuka tena Liuli. Niliomba radhi kwa baba mkwe nimepiga goti, akasema tu, "Yamekwisha, mwanangu." Nikakaa kwenye kiti kile kile. Muda ukapita. Nikasikia nyuma ya matete:

"Tekla, ameegemea?"

"Ameegemea, mama."

"Basi mpelekee chai."

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa hadithi nzuri. Lakini sikio la Gaudensia halikurudi kusikia.

Leo ni mwalimu Songea, ana mume, ana mtoto wa kiume wa miaka mitano. Ananiheshimu. Anakuja, ananiamkia, "Shikamoo, baba," na kila mara anakaa kushoto kwangu, ili sikio lake zima, la kulia, lielekee kwangu. Sasa ninaishi Kitai, kando ya barabara, malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka yanapita mlangoni kwangu mchana kutwa na nimejifunza kuyaacha yapite. Krismasi iliyopita nilikuwa nimekaa barazani, mjukuu akaja kwa nyuma ananyata, mikono ameinyoosha mbele, anabana kicheko. Mimi nilimsikia. Nilikuwa natabasamu, nangoja vile viganja. Gaudensia alitoka jikoni akipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Acha! Nimekwambia usimguse babu kwa nyuma!" Akamnyakua mtoto, akamkumbatia, akazunguka naye, akamsimamisha mbele yangu. "Mwamkie babu ukiwa mbele yake. Akuone."

Mtoto akaniamkia, mkono kichwani kwangu, macho chini. Nikaitikia marahaba.

Kwa hiyo wewe unayeendesha lori la makaa usiku na mchana, wewe mwenye duka na simu tatu, wewe unayesifiwa kwamba hulali, nisikilize. Sikukatazi kutafuta. Mimi nimetafuta na nimepata, na mwenye nyumba ya udongo asikudanganye kwamba umaskini unapumzisha. Ninachokwambia ni hiki: kazi ikiisha na mwili ukaendelea kufanya kazi, hiyo si bidii tena. Jipapase taya sasa hivi unaposoma. Meno yamegusana? Mabega yako wapi? Pumzi inafika tumboni au inarudia kifuani? Ukishtuka kwa sufuria, ukila bila kuonja, ukichukia watu wanaoongea polepole, ukikaa siku ya mapumziko ukaona kama kuna mtu anakuja kukukamata, usitafute kisingizio kama nilivyotafuta. Nenda hospitali useme hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo, hata kama huna mahali pa kuonyesha. Na mtu wa nyumbani kwako akikuuliza unatafuna nini, usimwambie achambue maharage. Yeye anakuona kutoka upande ambao wewe huna macho.

Usingoje sikio la mtoto likufundishe. Mimi nililipia kwa lisilo langu.

Mungu akupe riziki ya kutosha na mwili unaojua kwamba imetosha. Akupe kiti, na mgongo wa kuegemea. Na siku viganja vidogo vitakapokufunika macho kwa nyuma, vikauliza, "Mimi nani?", akujalie, mwanangu, uvishike polepole na useme jina.