Nilipokuwa Mgeni wa Mama Kisiwani Rongui

Mimi si mtu wa maneno. Hata darasani, profesora akiuliza jambo ninalolijua, jibu hunikwama kooni mpaka mwenzangu alitoe, nami nabaki nalitazama likipita. Kwa hiyo nilipokwenda Rongui wakati shule zimefungwa, nilijua kabisa kwamba sitamuuliza mama kitu. Nilitaka alitoe mwenyewe. Nilitaka aseme mbele za watu kwamba mimi ni mwanawe. Ni hilo tu, sikuwa na lingine.

Mama na baba waliachana ningali natambaa. Mimi nikabaki Palma kwa bibi mzaa baba, mama akaolewa na mvuvi wa visiwani. Halafu vikaja vita, watu wakatawanyika, njia ya bahari ikawa ya hofu, na miaka ikapita tukisikiana kwa simu tu, tena mtandao wenyewe wa kukatika-katika. Kwenye simu mama alikuwa anasema, "Hujambo wewe? Bibi yako hajambo?" Wewe. Siku zote wewe.

Siku ya kuondoka bibi alikuwa ananisuka nywele. Akaniambia, "Usiende kule ukakaa kusubiri mama yako akuite jina. Wewe ni mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza mamaye hamwiti jina, wala hamkumbatii mbele za watu."

"Kwa nini, bibi?"

"Ni kuona haya huko! Wewe ndiye uliyewatangazia watu kuwa binti wa fulani kalala na mume. Hao wanaokuja nyuma yako hawana habari mpya." Akacheka mwenyewe mpaka kitana kikamdondoka.

Jambo hilo nilikuwa nalijua, hata kwa majirani zetu nimeliona. Ila mtu anaweza kulijua jambo na bado likamuuma. Na mimi nilikuwa na shaka yangu ambayo sikumwambia bibi: je, ni haya kweli, au kanisahau?

Boti ya mota ilitutoa ghuba yetu ya Tungue asubuhi. Picha za fukwe kama za Rongui nilikuwa nimeziona kwenye simu za wenzangu, wageni wamelala mchangani kama samaki walioanikwa. Picha hazikusema kwamba mchanga ule mweupe unaunguza nyayo, wala kwamba ukinyamaza unasikia kaa wakikimbia juu yake, kama mtu anayekunjua karatasi taratibu. Nilishuka nikarukaruka kama kuku. Mama alikuwa amesimama majini, kapulana ya kiunoni ameikunja hadi magotini. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Nikampa shikamoo, akaitikia, akachukua begi langu akalitia kichwani.

Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa wakapaza sauti, "Nani huyo uliyempokea?"

"Mgeni," mama akasema bila kusimama. "Katoka Palma."

Na mgeni nikawa. Nilitandikiwa mkeka mpya. Nikawekewa maji ya kuoga kabla ya mume wa mama, mtu mpole aliyenisalimia vizuri kisha akaenda zake kushona nyavu. Chakula kilikuwa kitamu mpaka naona aibu kukieleza: ugali wa muhogo, samaki changu wa kuchoma aliyepakwa tui zito na ndimu, chaza waliochemshwa wakati ule ule walipotoka baharini. Kipande kinono kikawa changu kila mara.

"Mgeni anapewa tumbo la samaki, sisi tunapewa miiba," akasema mdogo wangu, binti wa mama na mume wake huyu, mtoto mwenye meno ya mbele yaliyong'oka na ulimi usiong'oka.

"Funga domo!" mama akamkemea, tena kwa jina. Jina la mtoto yule nadhani lilisikika kisiwani kuliko jogoo. Aliitwa kuteka maji, aliitwa kufukuza kuku, aliitwa ili agombezwe tu. Mimi nikiinuka nishike mbuzi nikune nazi, mama ananyoosha mkono: "Kaa wewe. Mgeni hakuni nazi." Nilikuwa naingia bafuni, kwenye ua wa makuti, najimwagia maji usoni ili nikitoka na macho mekundu iwe ni sabuni.

Alasiri moja mama alisaga msiro wa kupaka usoni. Alichukua kipande cha mti, akakisugua juu ya jiwe na maji kidogo mpaka ukatoka ujiuji mweupe. Nikadhani anajipaka mwenyewe. Akanisogelea, akasema, "Fumba macho." Vidole vyake vilipita kwenye paji la uso, mashavuni, kidevuni. Polepole, kama mtu anayepaka chokaa ukuta anaoujua. Sikupumua. Nilitaka msiro usiishe. Ulipokauka, ngozi ikanibana, nikaona sasa atasema. Akasema, "Kesho bamvua. Utakuja mwambani na wanawake, uone."

Asubuhi bahari ilikuwa imejivuta mbali, mwamba wote umebaki nje ukimeta. Kila mwanamke alishika chuma chembamba cha kuchokolea pweza. Mama akanipa chake cha zamani, akaniambia nitazame tu. Lakini nikaliona tundu lenye maganda ya kaa yamerundikana mlangoni, na hata sisi wa Palma tunajua maana yake. Nikachokoa. Mkono wa kwanza ukatoka ukajizungusha kwenye chuma, nikavuta, nikampiga mwambani kama nilivyoona wengine wakifanya, nikamwinua juu. Pweza mkubwa! Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipiga kelele mbele za watu: "Nimempata!"

Hakuna aliyeshangilia. Mwanamke mmoja mtu mzima, mrefu, alinijia huku maji yakimrukia.

"Umemtoa wapi?"

"Pale, bibi. Kwenye tundu."

"Pale ni kwangu. Alinirithisha mama yangu."

Kwetu Palma mwambani unaokota unachokiona. Rongui tundu la pweza lina mwenyewe, kama nyumba. Pweza akitolewa, mwingine huhamia, na mwenye tundu hurudi bamvua lijalo. Mimi nilikuwa nimeingia nyumba ya mtu.

"Wa nani huyu? Nani kamfunza adabu?"

Mama akafika anahema. Wanawake wote wameinua vichwa. Yule mrefu akamtazama, akalegeza sauti: "Kama ni yule mgeni wako, basi yaishe. Mgeni hana kosa."

Njia ilikuwa wazi kabisa. Neno moja, neno lile lile alilolisema tangu nishuke botini, na tungerudi nyumbani salama. Nikatazama miguu yangu. Mama akaja kusimama kando yangu.

"Si mgeni," akasema. "Ni wangu. Nimemzaa mimi. Chukua pweza wako, dada, na bamvua lijalo uchokoe tundu langu lile la upande wa bara."

"Lile kubwa?"

"Lile lile. Mwanangu kakosa."

Yule mwanamke akaninyanyua kidevu, akanitazama. "Nilipaswa kujua. Paji la uso la mama yako hili, na ukaidi wake." Wanawake wakaangua kicheko, wakarudi kuinama.

Mama alinigombeza njia nzima. "Nimesema utazame! Macho unayo, masikio unayo, unachokoa nyumba ya mtu! Palma hamna wakubwa? Umelelewa na paka?"

"Mama, mbona unamgombeza mgeni?" mdogo wangu, aliyekuwa akitufuata nyuma, akauliza, furaha imemjaa. Mama akaongeza mwendo. Mimi nilijifunika mdomo na ncha ya kapulana, maana nilikuwa nacheka, na ningeonekana sina adabu kweli.

Siku zilizobaki niliteka maji, nikaosha masufuria kwa mchanga, nikala miiba kama wengine. Jina langu hakulitaja hata siku ya kuniingiza botini.

Sasa niko Palma. Bibi ananiita jina langu tangu alfajiri, na ni jina zuri, babu ndiye aliyelichagua. Lakini jioni, nikiwa natwanga kisamvu, mama wa nyumba ya pili humpigia bintiye kelele: "Wewe! Hebu njoo hapa, mtukutu wewe!" Miguu yangu huinuka kabla yangu. Nasimama pale na mchi mkononi. Kisha nakumbuka niko upande gani wa maji, naketi, naendelea kutwanga.