Mtumishi Hewa Aitwaye Ruti

Mkuu wa chuo chetu aliwachukia watumishi hewa kuliko malaria. Mwaka ule wa uhakiki alikwisha kumwondoa mpishi aliyekuwa hai kabisa, anapika, na bado alikuwa anatafuta. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta wa mkataba, na mkataba ulikuwa unamalizika mwezi huohuo. Wa kuurefusha alikuwa yeye. Mama yangu kule Urambo alishaiambia kwaya nzima kanisani kwamba mwanawe ameajiriwa Tabora mjini. Neno mkataba hakulitaja. Basi kila nilipomwona Mkuu nilimwamkia upya, hata kama tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi.

Chuo kizima kilitumia kompyuta moja kubwa, iliyokaa chumbani kwangu ikivuma kama mzinga wa nyuki. Kila mtumishi aliingia humo kwa skrini yake, na akaunti yake, na mafaili yake. Lakini programu zinazoiendesha mashine, pamoja na ile ya alama za mitihani, zilikuwa mali ya akaunti moja tu ya usimamizi, iitwayo ruti. Wengine waliruhusiwa kuzitumia; kuzibadili, hapana. Usalama wenyewe ndio huo: mtu akikosea, anaharibu vya kwake.

Siku hiyo Mkuu aliingia, akainama kwenye skrini yangu.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Huyu Ruti ni nani? Kila mstari yeye."

"Si mtu, Mkuu. Ni akaunti."

"Si mtu! Hayumo kwenye mishahara, kazini haonekani, na anamiliki mali ya chuo?"

Alikuwa mwalimu wa historia, nikamwendea kwa historia. Nikamkumbusha misafara ya zamani iliyopita hapa: wapagazi wakibeba pembe, wanyapara wakisimamia, mwenye mali yuko Unguja anakunywa kahawa na hakuna mpagazi aliyewahi kumwona. Mzigo ulifika kwa sababu aliyeubeba hakuwa mwenye mali.

"Na ukoloni ukaingia kwa njia hiyohiyo," akasema. "Andika jina langu mahali pake. Huyo mfungie."

Nikamweleza kwamba nikimfungia ruti, hata mimi sitaweza kumrudisha kwa njia ya kawaida. "Vizuri sana," akajibu. "Wakirudi huwa wabaya zaidi." Niliufikiria mkataba, nikaifikiria kwaya. Nikaandika.

Tatizo ni kwamba Mkuu hakuwahi kuifungua akaunti yake kwa mkono wake. Ilifunguliwa asubuhi na katibu muhtasi, ikabaki wazi mpaka jioni. Dereva aliangalia humo matokeo ya mpira, wageni wakachapisha barua zao. Ilikuwa mtungi wa barazani, kila mpita njia alichota. Na sasa akaunti hiyo ndiyo iliyomiliki mashine nzima.

Siku ya kutuma alama za wanafunzi, programu ya alama haikufunguka. Haikuwepo. Katibu muhtasi hakuficha kitu.

"Kaka, mashine ilikuwa imejaa jamani! Nimefuta takataka nyingi kweli, nikapata nafasi ya picha za kamati ya harusi."

"Haikukukatalia?"

"Itanikataliaje? Akaunti ya Mkuu hiyo!"

Nikajaribu kuirudisha. Ile programu ndogo inayomkopesha fundi madaraka ya ruti ikagoma, maana imetengenezwa isiamini mmiliki mwingine yeyote isipokuwa ruti, na sasa yenyewe ilikuwa na jina la Mkuu. Mkuu akanisogeza, akakaa mwenyewe, akaandika amri ileile kwa kidole kimoja. Mashine ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Mimi?" akauliza.

Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Huyo Ruti hapatikani hata kwa simu?"

Ilibidi niipange mashine upya kuanzia mwanzo. Nakala ya alama niliiweka pembeni tangu zamani, kwa hiyo jioni zilikwenda zote. Ruti alirudi na kila kilichokuwa chake, na Mkuu hakumtaja tena. Nilijiona nimekiokoa chuo. Nilisubiri ahsante, na pamoja nayo mkataba.

Mwezi ulipoisha aliniita, akaniambia kwa huruma ya kweli kwamba baada ya uhakiki imeonekana nafasi yangu haimo kwenye ikama. Kwa karatasi zao, hakukuwa na fundi. Iliniuma, na bado inaniuma. Ningalipata hasira ningalisema, lakini nilimshukuru kwa adabu na kutoka.

Siku hizi natengeneza simu Igunga, karibu na stendi. Mama hajaiambia kwaya. Juzi alinipigia kijana aliyechukua kazi yangu, kwa mkataba. Alikuwa ameagizwa aifute akaunti yangu, akaifuta, lakini mafaili niliyoyaacha yamebaki, na penye jina la mmiliki mashine inaonyesha namba tupu.

"Shikamoo kaka. Mkuu yuko hapa pembeni yangu. Anauliza huyu mwenye namba ni nani."

"Marahaba," nikasema. "Mwambie si mtu."