Mbao Mbichi za Mimbari

Saa tisa alasiri, jua lilipoinama, mwanga uliingia katika karakana ya yule seremala kupitia nyufa za ukuta, na vumbi la mbao likaelea ndani yake polepole, kama kitu kisicho na pa kwenda. Saa hiyo alipenda kuegemea benchi lake na kusinzia macho wazi.

Jina alilopewa na wazazi wake watu walikuwa wamelisahau. Walimwita Randa, kama kile chombo cha kulainishia mbao, kwa sababu hakuna aliyelainisha ubao kama yeye. Kina mama wa kanisani walisema juu ya meza yake ungeweza kumlaza mtoto mchanga bila shuka.

Nyuma ya ukuta huohuo ilikuwapo karakana ya pili, ya mdogo wake wa mwisho, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda. Baba yao alipofariki, Randa ndiye aliyemfundisha kazi. Alimshika mkono, akauweka juu ya chombo, akasukuma naye mpaka nyuzi ndefu za mbao zikaanza kujikunja zenyewe. Siku Kitinda alipojikata kidole kwa mara ya kwanza, alijifuta machozi kwa mkono wa shati akasema, "Vumbi limeniingia, kaka." Randa alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Kitinda alikuwa na kitu ambacho hakufundishwa na mtu. Alichonga maua. Akishika patasi, ubao ulifunguka wenyewe: majani, mizabibu, ndege wadogo wenye midomo wazi. Watu walianza kusimama mlangoni kwake wakiwa wameshika tama. Jioni moja mke wa Randa, huku akipakua chakula, alisema, "Umeliona kabati la shemeji? Jamani, mikono ile!" Randa alitafuna tonge lake muda mrefu, likawa halina ladha hata ya chumvi.

Tangu siku hiyo alianza kusikiliza ukuta. Nyundo ya upande wa pili ikigonga, naye alijikuta ameacha kazi. Ikinyamaza, alifurahi kidogo, kisha akajionea haya. Kanisani aliimba kama kawaida, akamsalimu mdogo wake kwa mikono miwili, akatabasamu. Tabasamu lilikaa usoni kama kofia ya kuazima.

Kisha wazee wa kanisa wakaamua kutengeneza mimbari mpya, na kazi akapewa Kitinda.

Mbao zilipoletwa, Kitinda alimwita kaka yake azikague, maana kwa kujua mbao Randa hakuwa na mpinzani. Randa aliinua moja, akahisi uzito wake. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikajibu kwa sauti nzito, ya mbao yenye maji tumboni. Ilikuwa mbichi. Baada ya miezi michache ingepinda na kupasuka, na maua yote yangepasuka nayo, mbele ya kanisa zima.

"Unasemaje, kaka?"

Randa alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi.

"Nzuri," alisema. "Endelea tu."

Wiki tatu alisikia patasi ikitembea nyuma ya ukuta, tik, tik, tik, na kila pigo lilimchoma yeye. Akisinzia mchana, aliota mimbari ikipumua kama mnyama aliyelala, na mstari mwembamba ukifunguka kifuani mwake. Alizinduka akiwa amejishika kifua.

Siku moja mchungaji alimwomba akaimarishe mguu wa benchi moja kanisani. Alikuta jengo tupu, madirisha wazi, pazia likipanda na kushuka taratibu. Sakafuni mbele, mtu alikuwa amechora mraba kwa chaki, mahali itakaposimama mimbari. Randa alipiga magoti kuuangalia mguu wa benchi. Akagonga msumari mmoja. Alibaki pale pale, nyundo mkononi, akiutazama ule mraba wa chaki.

"Bwana Yesu," alisema, na sauti yake ilimshangaza, "humu ndani sitaki kudanganya. Namwonea wivu mdogo wangu. Namwona anaanguka, nami nimenyamaza. Wewe kazi hii unaijua. Mbao mbichi unazijua. Na mimi unanijua. Nisaidie."

Kisha akajaribu kusema, "Mbariki Kitinda," na neno likakatikia katikati. Akalisema tena, likatoka kavu. Mara ya tatu alimwona Kitinda wa zamani, akijifuta machozi kwa mkono wa shati, na hapo neno likatoka lenyewe, na machozi yakalifuata. Alilia kwa utulivu, kama mtu anayeota analia. Pazia lilipanda, likashuka. Alipoinuka hakujua amekaa pale muda gani, ila alijua anakokwenda.

Kitinda alikuwa ameinamia kazi.

"Weka nyundo chini," Randa alisema.

"Kuna nini, kaka? Shemeji mzima?"

"Mzima. Mbao zako ni mbichi, Kitinda. Nilijua tangu siku ile uliponiuliza."

Kitinda alimtazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Wivu. Sina neno la kulipamba. Nimemwomba Mungu msamaha, na sasa nakuomba wewe."

Kitinda alikaa juu ya rundo la mbao. Akapitisha kidole kwenye shada la zabibu alilokuwa amelimaliza asubuhi ile.

"Wiki tatu," alisema.

"Najua."

"Mungu atakusamehe, kaka. Mimi nipe muda."

Randa alikubali, akatoka. Asubuhi iliyofuata alipanda darini mwa karakana yake na kushusha mbao tisa. Kwa miaka minane alikuwa amezianika humo, nyekundu, kavu, akizitunzia kabati moja ambalo lingewafanya watu walitaje jina lake. Alizibeba moja moja mpaka mlangoni kwa mdogo wake. Alipofika na ya tano, Kitinda alitoka, akashika upande wa pili wa ubao, wakaingia nao ndani pamoja.

Walifanya kazi mwezi mzima. Randa alilainisha, Kitinda alichonga zabibu upya. Siku za kwanza walizungumza vipimo tu. Katikati ya wiki ya pili Kitinda alicheka kitu fulani, kisha akakumbuka kuwa bado ana hasira, akacheka tena.

Jumapili ya kuiweka wakfu, mchungaji alimshukuru Kitinda, kanisa likapiga makofi na vigelegele. Randa hakutajwa. Alihisi kile kitu cha wivu kikijisogeza kifuani. "Bwana, kimekuja tena," alinong'ona. "Mbariki mdogo wangu." Mkewe alimtazama kwa pembe ya jicho. Randa alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Wivu haukuhama kwa siku moja. Ulirudi mara nyingi, nyakati nyingine kwa jambo dogo kama kiti cha mtoto, na kila uliporudi aliinua kichwa, akamwombea Kitinda kwa jina, kisha akaendelea na kazi. Taratibu ukaanza kukawia njiani.

Mwaka mmoja baadaye, bibi mmoja alisimama mlangoni kwake akitaka kitanda cha harusi ya mjukuu wake, chenye ndege kichwani.

"Ndege siwawezi, mama," Randa alimwambia. "Anayewaweza ni mdogo wangu, hapo jirani. Akikuchongea, uwafungie dirisha, wasije wakaruka."

Bibi alicheka. Randa alimsindikiza mpaka mlango wa pili, akamgongea.