Taa Ndogo Niliyoing'oa

Habari zilinifikia nikiwa nakunywa chai katika hoteli iliyo karibu na soko la mifugo hapa Garissa. Fundi wa umeme wa magari, yule aliyekuwa na kibanda cha mabati mkabala na lango la soko, amefariki huko kaskazini, karibu na Rhamu, alikokwenda kumwona dada yake. Muuza chai aliniambia huku akipangusa meza. Niliitikia Inna lillahi pamoja na wenzangu, kisha nikabaki nimeshika kikombe mpaka chai ikapoa. Alikuwa amezikwa siku iliyotangulia, kabla ya jua kutua, kama ilivyo ada. Mnaonisoma hapa mnajua kwamba sitaji majina ya watu, na safari hii nina sababu ya ziada. Haya si maneno ya kumsifu marehemu tu. Kuna kosa langu ndani yake, na nimeona ni heri mlisome kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilikuja kufundisha, nikastaafu, nikabaki. Nilipostaafu nilinunua gari kuukuu la petroli, lenye nyuma pana, na ndani ya miezi michache nikawa nimeshalinunulia betri mbili mpya. Ya pili nayo ilipoanza kunigomea asubuhi, nililipeleka kwa fundi nikamwomba anitafutie ya tatu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, ndevu zimepakwa hina, na alikuwa na kanuni moja iliyowaudhi madereva wenye haraka: hakushika spana kabla hajalihoji gari. Wafugaji wa huku hawaulizani habari moja wakaachana. Wakikutana wataulizana mvua, malisho, kisima, ngamia, watoto na wagonjwa, kila jambo kwa zamu yake, ndipo mtu aseme shida iliyomleta. Naye alifanya vivyo hivyo na magari. Aliubonyeza mkanda wa altaneta, ile mashine inayozalisha umeme wa gari, kwa kidole gumba kuona kama umelegea. Akakwangua ukoga mweupe kwenye vichwa vya betri. Akaufuata kwa mkono ule waya unaotoka kwenye betri hadi kwenye bodi ya gari. Akapima betri kwa mita injini ikiwa imezimwa, akaniambia niwashe, akapima tena. Mshale haukupanda.

"Mwalimu," akasema, "ngamia akikosa maziwa, wewe nanunua kibuyu ingine?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Betri ni kibuyu tu. Maziwa natoka kwa altaneta, na hii altaneta yako nalala. Mimi nimebima mara mbili. Sasa zima gari. Fungua swichi, usiwashe injini. Nitajie taa."

Hiyo ndiyo ilikuwa ada ya kibanda chake. Mwenye gari, awe mkubwa namna gani, alikaa kwenye usukani akataja kwa sauti kila taa inayowaka kwenye dashibodi. Nilitaja ya oili, nikataja ya breki, nikanyamaza. Akauliza iko wapi ya betri. Nikamwambia niliing'oa balbu yake majuma kadhaa nyuma, kwa kuwa ilikuwa ikiwaka njia nzima na kunikera. Niliona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyeambiwa nimemfungia mtoto chumbani kwa sababu analia. Akanieleza polepole kwamba katika gari la zamani kama langu, taa ile haikuwekwa kulalamika tu. Umeme kidogo hupita kwanza kwenye balbu hiyo ndipo altaneta iamke na kuzalisha wake. Kaboni za ndani ya altaneta, vile vipande vinavyopitisha umeme, zilikuwa zimelika, na taa ilikuwa ikinieleza hivyo. Mimi, kwa kuinyamazisha, nikawa nimeua na kile kidogo kilichosalia. Alibadilisha kaboni, akaweka balbu, mshale ukapanda mpaka volti kumi na nne. Nililiendesha gari lile miaka mingi bila kununua betri nyingine.

Sasa nifike kwenye kosa. Majuma machache yaliyopita niliamua kuliuza, na mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Rhamu. Siku moja kabla hajaja, taa ya betri ikaanza kuwaka tena, hafifu. Ningeweza kulipeleka kibandani asubuhi ile ile. Nilichofanya ni kuing'oa balbu na kuitia kwenye droo ya meza hii ninayoandikia. Wengi hufanya hivyo wanapouza magari. Nimewaona watu wazima, waswalio safu ya mbele, wakifanya. Mnunuzi alifungua swichi, akaona dashibodi imetulia, akaridhika. Fundi alipita tukiwa tunakabidhiana funguo, akaniuliza, "Mwalimu, ile taa iko?" Nikamjibu, "Iko." Angeweza kuingia ndani atazame mwenyewe, na kwa mtu mwingine yeyote angeingia. Alinipa mkono akaenda zake.

Siku ya tatu ya msiba nilikwenda nyumbani kwake kuhani. Wanaume tulikaa kwenye mikeka uani, na shemeji yake, mume wa yule dada, aliyekuwa ameshuka na basi kutoka kaskazini, alikuwa akieleza yaliyotokea kwa lafudhi ile ile ya fundi, p ikisikika b na v ikisikika f. Fundi alishikwa na kifua asubuhi. Gari lililopatikana upesi lilikuwa la jirani muuza vitunguu. Walimlaza nyuma wakashika njia ya Mandera kutafuta hospitali. Walipofika katikati ya laga, ule mto mkavu wa mchanga, injini ikazimika. Simu hazikushika mtandao, na hapakuwa na gari lingine njiani.

"Yeye akainua kichwa," shemeji alisema. "Akasema, hii gari mimi najua. Akaambia dereva, fungua swichi, nitajie taa. Dereva akataja ya oili, ya breki. Ya betri hakuna. Yeye akasema, mwenye hii gari ni rafiki yangu, aliniambia taa iko, na yule mwalimu hawezi danganya. Basi imeanguka. Barabara ni mbaya. Tafuteni chini."

Akapitisha kiganja usoni.

"Wallahi tulitafuta. Tukatoa kabeti, tukatoa fiti zote, tukachekecha mchanga na mikono. Yeye amelala kwa kifuli ya gari, anauliza, mmebata? Mwisho akasema tutoe balbu ya indiketa. Tukaweka kwa shimo ya ile ya betri, tukasukuma gari. Betri ilikuwa imekufa kabisa, mchanga ukakataa. Lori ilibita baada ya adhuhuri. Yeye alikuwa ameshaenda kwa Mola wake."

Nilisoma Fatiha pamoja nao, nikampa shemeji mkono, na mkono ule ule ndio uliofungua droo nilipofika nyumbani. Balbu ilikuwa pale, ndogo kuliko ncha ya kidole, nzima. Sijui kama moyo wake ungefika Mandera hata kama gari lingekuwa jipya. Huenda usingefika. Nimejiambia hivyo mara nyingi tangu siku ile, na haijanisaidia.

Nimefikiri pia jinsi tunavyoishi. Mlinzi wa kisima akisema injini ya pampu imechoka, tunasema anachochea watu, tunamtoa kwenye kamati. Karani akiandika kwamba dawa zimekwisha, anahamishwa. Mwanao akikwambia shuleni hakusomwi, unamkemea aache uvivu. Tunapenda dashibodi iliyotulia. Kisha chombo kikisimama mchangani tunanunua betri kubwa zaidi, na anayekuwa amelala nyuma siku hiyo mara nyingi si yule aliyeing'oa taa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Kesho asubuhi, kabla gazeti hili halijafika Garissa, nitakwenda tena katika ua ule. Nitamwambia mjane na shemeji kile mnachokisoma hapa, na watanifanya watakavyo. Siendi kutafuta msamaha wa haraka. Ninakwenda kwa sababu jambo moja linaniuma kuliko kifo chenyewe, nalo ni kwamba mtu aliyepima kila kitu maishani mwake aliitumia asubuhi yake ya mwisho kuwatafutisha watu balbu mchangani, kwa kuwa aliliamini neno langu.